Wanatafuta Nini Katika Maji Taka Yetu?

SWALI: Mhariri, mara mbili nimewaona alfajiri vijana waliovaa glavu na mabuti wakifunua mfuniko wa bomba la maji taka karibu na ploti yetu hapa Eastleigh. Waliteremsha ndoo kwa kamba, wakachota, wakajaza chupa na kuondoka. Wanangu wamechanjwa na hakuna mgonjwa mtaani. Wanatafuta nini, na je, wanaweza kujua kinyesi ni cha nyumba gani?
Mama wa watoto watatu, Nairobi

JIBU: Mama, kwa jinsi ulivyoeleza, yaelekea hao ni wahudumu wa afya wanaofuatilia kirusi cha polio. Aliyeambukizwa polio hutoa virusi chooni kwa wiki kadhaa hata kama hajisikii vibaya, na katika kila watu 200 wanaoambukizwa ni kama mmoja tu anayepooza. Anayengoja mpaka mtoto alemae mguu amekwisha kuchelewa, kwani nyuma ya mtoto huyo wapo wengi walioambukizwa kimyakimya. Sampuli huchotwa alfajiri kwa sababu ndio wakati vyoo vinatumika zaidi, kisha huwekwa kwenye barafu, maana joto huviharibu virusi kabla havijafika maabara.

Mtaani kwenu hapo, sampuli ya Machi 2018 ilikutwa na kirusi cha polio cha aina ya pili, moja ya aina tatu za kirusi hicho, ilhali hakuna mtoto aliyekuwa amepooza. Vinasaba vyake vilionyesha undugu na virusi vilivyokutwa katika maji taka ya Mogadishu, na Mei mwaka huo watoto wa Nairobi wakapewa matone ya chanjo ya polio. Kirusi hicho kilitokana na chanjo, jambo ambalo wazazi wana haki ya kulijua: kirusi kilichodhoofishwa cha matone kikizunguka muda mrefu mahali penye watoto wengi wasiochanjwa, hubadilika na kurudisha ukali wake. Tena, tangu Aprili 2016 matone ya kawaida hayana aina ya pili, hivyo hayamkingi mtoto dhidi yake. Sindano ya polio humkinga mtoto asipooze, lakini haizuii vya kutosha kirusi kukaa tumboni mwake na kutoka chooni. Kwa hiyo matone ya kampeni yakiletwa, wape wanao hata kama kadi zao zimejaa.

Nyumba yako hawawezi kuijua. Bomba hilo hubeba maji ya maelfu ya watu yakiwa yamechanganyika, na majibu ya maabara hutaja eneo, si mtu.

Kinachonitia wasiwasi ni nyumba zenye vyoo vya shimo, ambazo bomba halizifikii. Huko bado tunategemea macho ya majirani: mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla mguu au mkono aripotiwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, ili sampuli mbili za choo chake zichukuliwe kabla ya siku 14 kupita.