Darasa linakariri katiba tu, nifanyeje?

SWALI: Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa Social Studies gredi ya 8 huku Kayole, Nairobi. Tukifika kwa katiba watoto wanakariri tu, mihimili mitatu ya serikali, kaunti 47, mtihani ukiisha na yenyewe imeisha. Nikileta mambo ya mtaani wazazi wanasema naingiza siasa darasani. Nisaidieni.

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Hata mimi nilifundisha hivyo miaka mingi, mpaka msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hizi taka za hapo geti ni kazi ya nani?" Darasa zima likasema mbunge. Basi tukafungua katiba huko nyuma, Jedwali la Nne, pale kazi zimegawanywa, tukasoma polepole tukakuta kuzoa taka ni kazi ya kaunti, kwa hivyo mtu wetu wa kwanza ni MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, lakini madarasa ya shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa. Hapo ndio niliona watoto wameamka kabisa.

Wakamwandikia MCA barua. Ya kwanza ilianza "Mheshimiwa tunakuomba utusaidie", nikawaambia hebu someni kifungu cha 1 kwanza, mamlaka yote ni ya wananchi, sasa mbona mnaomba kama wageni? Wakafuta. Wiki tatu wakawa wanahesabu lori limekuja mara ngapi (mara moja tu!), wakaandika siku, mahali, na wanachotaka. Barua ya nne ndio tulipeleka. Kuandika upya vile ndio somo lenyewe, usiwaandikie wewe hata wakichelewa.

Kuhusu wazazi, usiwakwepe. Waite, waonyeshe kwamba uraia ni mmoja wa umilisi saba wa msingi kwenye mtaala wa umilisi (CBC), hujautoa kichwani mwako. Na uwe na sheria moja: darasani hakuna kutaja chama wala mgombea. Wakiuliza juu ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga mswada wa fedha, na watauliza tu juu waliona yote kwa simu, wasomee kifungu cha 37, haki iko, lakini kwa amani na bila silaha, halafu waache wabishane wewe ukisikiliza.

Sisi tulijibiwa baada ya kama mwezi mmoja, karatasi moja tu, lori kila Jumanne. Jumanne iliyofuata watoto walikuwa dirishani na daftari, wakiandika saa.