Barua ya Leopold na mtoto wa kaka yangu

Barua ilifika kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo usiku, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima hapa Katuba. Aliituma mtoto wa marehemu kaka yangu, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa. Chini yake aliandika: "Baba mdogo, soma hii, kisha uniambie kwa nini bado unaenda kanisani."

Wengi wenu mmeiona. Ni ile inayodaiwa kuwa hotuba ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa wamisionari mwaka 1883, akiwaagiza wawafundishe Waafrika kupenda umaskini ili wasitamani mali iliyo ardhini mwao. Hapa Lubumbashi, ambako kila siku tunatazama kilima cheusi cha mabaki ya shaba iliyokwisha kwenda zake, maneno hayo yanachoma.

Nilimjibu hapohapo, mbele ya shangazi zake wote, kwamba ana roho ya mpinga Kristo. Amina zikamiminika. Yeye akatoka kwenye kikundi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja tukawa tunasalimiana kwenye vilio tu.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuitetea imani, msiitetee mbele ya watazamaji. Mtu aliyeaibishwa hasikii hoja hata iwe nzuri namna gani. Mwite nyumbani, weka bukari na sombe mezani, mwache aseme mpaka amalize. Petro alipotuagiza tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza habari za tumaini letu, aliongeza kwamba tufanye hivyo kwa upole. Mimi nilikuwa nimekariri nusu ya kwanza.

Barua yenyewe nilikuja kuichunguza baadaye, kazi ambayo ilipaswa kufanywa usiku uleule. Mwaka 1883 dola ya Leopold hapa Kongo ilikuwa bado haijatambuliwa. Ilitambuliwa 1885, na Ubelgiji wenyewe uliichukua Kongo 1908. Tena maneno yaleyale huzunguka kwa jina la waziri wa makoloni Jules Renkin, yakiwa na tarehe ya 1920, wakati yeye wizara hiyo aliiacha 1918. Hotuba moja, vinywa viwili, miaka 37 katikati. Ni ya kughushi.

Lakini usishangilie mapema. Kijana mwenye akili atakuambia: sawa, barua ni ya uongo, na yaliyotendeka je? Hapo kubali. Mwaka 1906 dola ya Leopold ilipatana na Vatikani, misheni za Kikatoliki zikapewa ardhi na kutakiwa kufungua shule chini ya usimamizi wa serikali. Ukilikana hilo, hatakuamini tena hata ukimwambia jua linawaka.

Ukishakubali, ndipo unaweza kumwonyesha upande wa pili. Mwaka 1899, huko Kasai, William Sheppard, Mmarekani mweusi na mmisionari wa Kipresbiteri, alihesabu mikono 81 ya kulia iliyokatwa ikikaushwa juu ya moto, akaitangazia dunia. Ile picha ya mwaka 1904 ya baba anayetazama mkono na mguu wa binti yake ilipigwa na Alice Seeley Harris, mmisionari naye. Na Simon Kimbangu? Mimi si Mkimbanguisti, na tunatofautiana nao katika mafundisho mazito. Lakini mtu huyo, mkatekista wa Kibaptisti, alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, akahukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, hapahapa mjini kwetu, enzi hizo ukiitwa Élisabethville. Kama Injili ni dawa ya kumlaza mtu mweusi, wakoloni waliogopa nini hata wakamfungia miaka 30 aliyeihubiri?

Nilimweleza yote hayo, nikijiona nimeshinda. Alisikiliza, akanawa mikono, akasema polepole: "Baba mdogo, mama alipolazwa, kanisani kwetu walikuwa wanachanga pesa za gari la pasta. Hakuna aliyekuja hata kumtazama."

Sikuwa na tarehe ya kumjibu. Na mimi mwenyewe, shemeji yangu alipolazwa, nilifika siku ya nne. Nilimwomba msamaha, kwanza kwa siku hizo tatu, kisha kwa yale ya kwenye kikundi. Siku hizi, mtu akiniletea hoja kuhusu wazungu, sayansi au mababu, kabla sijafungua Biblia humuuliza: ni nini kilikupata?

Jumamosi hupita kwangu mara kwa mara. Juzi aliniuliza kuhusu Wakanaani, kwa nini watoto wao nao waliuawa. Nimemwomba wiki mbili.