Angalia Kalamu ya Hakimu

Kwa miaka tisa nilikuwa mzee wa baraza, yaani mwananchi anayekaa na hakimu kuamua naye mashauri, katika mahakama ya mwanzo hapa Kigoma. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipoitwa kwenda kukaa ubavuni mwa hakimu, nilidhani kazi yangu ingekuwa kusema ukweli ninaoujua kuhusu watu wa mji wangu. Ninawajua wengi: nimewafundisha, nimewaozeshea watoto, nimekaa nao matanga. Shauri lililonionyesha kwamba sikuwa nimeielewa kazi yenyewe lilikuwa la mama mmoja anayeuza dagaa mwalo wa Kibirizi.

Mama huyo alikuwa amempa mfanyabiashara mwenzake magunia manane ya dagaa kwa mali kauli, ayapeleke Tabora kwa treni, akirudi amlipe. Mwenzake akarudi, hela hakuleta. Habari ilizagaa mpaka Ujiji. Karani aliposoma madai, mdaiwa aliyakana yote, nami nikainama nikamnong'oneza hakimu: "Mheshimiwa, huyu mwongo. Kibirizi nzima inajua."

Hakimu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uliona, mzee wangu, au ulisikia?"

Nikamwambia nilisikia.

"Basi hata ukishuka ukawa shahidi hutanisaidia. Na kama moyo wako umeshaamua, si vizuri ukae hapa."

Shahidi wa kwanza alikuwa hajaapa bado. Nikajiondoa, akaitwa mzee mwingine, nami nikaenda kukaa kwenye mabenchi ya nyuma na wananchi. Kutoka kule nilimsikia hakimu akimuuliza yule mama kama ana shahidi. Akajibu, "Soko zima linajua." Hakimu akaweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba soko halijafika mahakamani. Amlete mtu aliyeona magunia yakitoka, au alete maandishi yoyote. Akaahirisha shauri kwa wiki mbili.

Mama akarudi na mchukuzi aliyekumbuka kubeba magunia matano hadi stesheni. Alileta na daftari lake, magunia manane yameorodheshwa kwa mwandiko wake mwenyewe, sahihi ya mdaiwa haipo hata ukurasa mmoja. Mahakama ikampa matano. Mimi mpaka leo naamini yalikuwa manane, na mpaka leo naamini hakimu alitenda haki. Nilichukua muda mrefu kukubali kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja kifuani mwa mtu mmoja. Mama mwenyewe hakulalamika sana. Alibadilisha daftari. Niliwahi kuliona: kila gunia lina sahihi au dole gumba la aliyechukua, na pembeni jina la mchukuzi.

Sisi watu wa Buha tumerithi picha ya mwami, mtawala wetu wa jadi. Mwami alijua mipaka ya mashamba, alijua nani kazaliwa na nani, na aliposema, alisema kwa kile anachokijua. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliiondoa kazi ya kuamua kesi mikononi mwa machifu, ikaikabidhi kwa mahakimu, lakini vichwani mwetu mwami hajaondoka. Tunakwenda kwa hakimu tukitegemea atujue. Hakimu hatujui, na hata akitujua haruhusiwi kuutumia ujuzi huo. Anaamua kwa kilichosemwa mbele yake, chini ya kiapo, na kikaandikwa kwenye jalada.

Nasisitiza hilo la kuandikwa. Wakati wangu hakimu aliandika kila kitu kwa mkono, neno kwa neno, huku anasikiliza. Shahidi anayesema mbio, kwa hasira, akiruka kutoka mwaka huu hadi mwaka juzi, nusu ya maneno yake yanapotea hewani. Kwa hiyo ukisimama kutoa ushahidi, angalia kalamu. Sema jambo moja, nyamaza, isubiri isimame, kisha endelea. Ukiona umesema jambo zito na kalamu haijatikisika, lirudie kwa adabu: "Mheshimiwa, naomba hilo la tarehe liandikwe." Hakuna hakimu aliyewahi kukasirika kwa hilo nikiwa nimekaa pale. Ukataje tarehe, kiasi, mahali, na nani alikuwepo. "Alinidhulumu sana" ni maneno mawili ambayo hayamsaidii hakimu kitu akikaa kuandika hukumu.

Lugha ya mahakama ya mwanzo ni Kiswahili, lakini usiogope kama mzazi wako anakiweza Kiha tu. Bibi mmoja kutoka Manyovu alijaribu Kiswahili kwa aibu, akawa anajibu "ndiyo" kwa kila swali, hata yale yaliyomuumiza. Hakimu alisimamisha shauri, akatafutwa mkalimani, akaapishwa. Bibi alipoanza upya kwa lugha yake alikuwa mtu mwingine kabisa: alikumbuka mpaka rangi ya kamba iliyofungia mbuzi. Omba mkalimani mapema, mwanzoni kabisa.

Wakati wangu, tulipohitilafiana, hakimu alikuwa na kura yake na kila mzee wa baraza kura yake, na wengi ndio walioshinda. Mara mbili sisi wazee wawili tulimshinda hakimu kwa kura, naye akaandika hukumu kama tulivyoamua, tukatia sahihi wote. Watu mitaani hawakuamini nilipowaambia. Upande wa jinai nako ana mipaka: kwa kawaida hakimu wa mahakama ya mwanzo hafungi mtu zaidi ya miezi 12, na kifungo kinachozidi miezi 6 lazima kithibitishwe na Mahakama ya Wilaya. Anayekutisha kwamba "nitakupeleka mahakama ya mwanzo ukafie jela" hajui anachosema. Na dhamana haiuzwi. Wadhamini wanatia sahihi na wanawajibika usipofika, lakini hakuna ada ya kulipia dhamana, wala kwa karani, wala kwa askari, wala kwa mtu yeyote anayekusubiri chini ya mwembe nje ya mahakama.

Mirathi ndiyo iliyoniumiza zaidi katika miaka yote tisa, na inatoka palepale kwenye jambo lililomkuta mama wa Kibirizi. Familia inaleta cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari unasema marehemu ameacha watoto wanne. Mtaa mzima unajua ni saba, kwa sababu alikuwa na nyumba nyingine Uvinza. Hakimu ana karatasi yenye wanne. Hutolewa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, nalo linabandikwa ubaoni pale mahakamani, na mama wa Uvinza hapiti mbele ya ubao ule. Nimeona msimamizi wa mirathi akiteuliwa, nyumba ikiuzwa, na watoto watatu wakija mwaka wa pili wakiwa na picha za baba yao mkononi.

Kama wewe ni mama wa nyumba hiyo ya pili, au mtoto wake, usingoje arobaini iishe na msiba upoe ndipo uulize. Nenda katika mahakama ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, umuulize karani kama kuna shauri la mirathi kwa jina lake, na kama lipo, weka pingamizi lako kwa maandishi. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, barua ya serikali ya mtaa, chochote kinachokuunganisha naye. Na kama wewe ndiye msimamizi uliyeteuliwa, hujapewa mali, umepewa kazi. Ndani ya miezi minne unatakiwa urudishe Fomu Namba 5 yenye orodha ya mali na madeni yote, na baada ya kugawa urudishe Fomu Namba 6 yenye hesabu. Wasimamizi wengi niliowaona walichukua barua ya uteuzi wakapotea. Mrithi ana haki ya kwenda kumwomba hakimu amwite msimamizi aeleze amefikia wapi, na hakimu anaweza kuufuta uteuzi ule. Lakini hatajua kama hakuna aliyemwambia.

Mengine yanapotea kwa kupelekwa mlango usio wake. Mgogoro wa ardhi si wa mahakama ya mwanzo. Unaanzia kwenye baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na mkishindwa kupatana ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Talaka ni ya mahakama ya mwanzo, ila kwa kawaida inatakiwa kwanza upite baraza la usuluhishi la ndoa, ukapewe hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Na mama uliyekaa nyumbani ukalea na kupika miaka 20, usikubali kuambiwa huna mchango. Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Litaje hilo shauri, kisha eleza kazi zako moja moja, kalamu ikikufuata.

Kuhusu wakili: wakati wangu mawakili hawakuingia kabisa mahakama ya mwanzo. Mwaka 2021 sheria ikaruhusu, pale anayesikiliza ni Hakimu Mkazi, mwenye cheo cha juu kuliko hakimu wa kawaida wa mahakama ya mwanzo. Kwa madai ya kawaida usihangaike ukauza mbuzi kumlipa. Katika madai unaweza kumwomba hakimu aruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kwako akusemee, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 wanasaidia bure kuandika na kukuelekeza.

Usimfuate hakimu nyumbani kwake. Mwanamke mmoja aliyeshinda shauri lake alimpelekea hakimu wetu dumu la mawese kwa moyo safi kabisa, shukrani tu. Hakimu hakulipokea, na jioni ile nilimwona ana huzuni, kwa sababu alijua mdaiwa angeliona lile dumu angesema nini. Ukiwa na lalamiko juu ya mwenendo wa hakimu, au ukiombwa chochote, ipo kamati ya maadili ya wilaya inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya, na ipo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Usiporidhika na hukumu, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka huko ni Mahakama Kuu, ambayo zamani sisi wa Kigoma tuliifuata Tabora kwa treni na sasa tunayo hapahapa. Siku hizo 30 zinahesabiwa tangu hukumu inaposomwa, hata kama wewe umekwenda ziwani au unauguza. Kwa hiyo kabla hujatoka mlangoni siku hiyo, rudi kwa karani, omba nakala, na mwambie akuandikie kwenye karatasi tarehe ya leo na tarehe ya mwisho.