Canon kutoa lenzi mpya za EF?

Umeuliza kama Canon watatoa lenzi mpya za EF, yaani za kamera zao za DSLR (zenye kioo ndani), au ununue tu 70-200 iliyotumika. Hizo mpya usizisubiri, ndugu. Tangu Canon itoe EOS R, kamera isiyo na kioo, mwaka 2018, kazi yote ya lenzi mpya imehamia RF, mfumo wa lenzi wa kamera hizo, na Nikon nao walihamia mfumo wao wa Z mwaka huohuo. Ndani ya DSLR kuna kioo kinachonyanyuka kila ukipiga picha, kwa hiyo lenzi lazima ikae mbali na kihisi, sehemu inayonasa picha: milimita 44 kwa EF. Ukiondoa kioo, RF inakaa milimita 20, Z 16 tu, na watengenezaji wanapata nafasi ya kusogeza lenzi nyuma kabisa, jambo linalosaidia sana hasa kwa lenzi za pembe pana.

Ila hiyo lenzi ya EF ya milimita 70-200 iliyotumika unayouziwa hapo Kampala usiikimbie kwa sababu hiyo. Adapta ya EF kwenda RF haina lenzi ndani, ni bomba lenye pini za kupitisha mawasiliano, na fokasi inafanya kazi vizuri. Mimi napigia kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa) na harusi lenzi za EF mpaka leo. Kabla ya kulipa, imulike kwa tochi uangalie kuvu, maana kwa unyevu wa huku karibu na ziwa hilo ndilo linaloua lenzi, si mambo ya Canon.

Wenye Nikon ndio wawe makini: adapta ya FTZ, ya kufunga lenzi za DSLR za Nikon kwenye kamera za Z, haina mota, hivyo zile lenzi za AF-D za zamani, ambazo nazo hazina mota ya fokasi, utafokasi kwa mkono.