Nyimbo nilizorekodi peke yangu zinaishinda bendi: tufanyeje?

SWALI: Salaam, fundi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikirekodi roki ya progresivu (ya nyimbo ndefu na midundo inayobadilika) peke yangu hapa Kisauni. Gitaa na besi napiga mwenyewe, dramu naziunda kwenye kompyuta. Nina nyimbo tano, mmoja ni wa dakika 14 na katikati una sehemu ndefu ya 7/8, yaani mapigo madogo saba kila mzunguko. Sasa nimepata mpiga dramu aliyezoea bendi za hoteli, mpiga besi, na dada wa kinanda. Kila tukiupiga huo mrefu pamoja na kompyuta, tunasambaratika tukiingia 7/8. Tuizime kompyuta? Na tufanyeje tusikike kama rekodi? – Msomaji, Kisauni.

JIBU: Aleikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya kumlaumu yeyote, fungua programu yako utazame mita, yaani hesabu ya mapigo katika kila mzunguko. Wengi wanaorekodi peke yao huiacha kwenye 4/4 (mapigo makubwa manne) mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa wimbo tayari wanao kichwani na kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo, hawaisikilizi sana. Ikiwa nawe umeiacha hivyo, kliki inagonga kila pigo kubwa, yaani kila mapigo madogo mawili. Kwenye mzunguko wa kwanza wa 7/8 itaangukia la kwanza, la tatu, la tano na la saba. Mzunguko wa pili inaangukia la pili, la nne na la sita, yaani iko upande wa pili kabisa, na hairudi kwenye "moja" mpaka mzunguko wa tatu. Mpiga dramu wako anafuata kile anachokisikia masikioni, na anachokisikia kinampotosha.

Badilisha mita ya sehemu hiyo iwe 7/8 kweli, kisha utengeneze kliki yenye mkazo wa makundi: mbili, mbili, tatu. Usigongeshe mapigo madogo yote kwa nguvu moja. Kwa kasi ya mapigo makubwa 120 kwa dakika, hayo madogo ni manne kila sekunde, mzunguko mzima unapita kwa sekunde 1.75, na hakuna anayeweza kuhesabu hadi saba kwa mwendo huo huku anapiga. Mwambie aseme "chai, chai, kahawa", silabi moja kwa kila pigo dogo, akikaza mwanzo wa kila neno. Sehemu ya 5/4, kama unayo, ni "chai, kahawa" kwa mapigo makubwa. Wala usimdharau kwa sababu ya hoteli: kama amepiga chakacha, basi sita kwa nane (6/8) iko mikononi mwake, na ile tatu ya mwisho wa 7/8 ni nusu ya mzunguko anaoujua tangu zamani. Makundi yako yakiwa tatu, mbili, mbili, mgeuzie maneno. Ila amua moja na uliandike, maana nyinyi wanne mkikaza mahali tofauti hata kliki nzuri haitawaokoa.

Jambo la pili ni kasi. Kompyuta yako huenda inakwenda kasi moja, tuseme 120, dakika zote 14. Watu hawaendi hivyo, na wimbo mrefu hauwi mtamu hivyo. Zimeni kliki, upigeni mzima, murekodi kwa simu. Kisha pima kasi ya kila sehemu na uiandike kwenye programu: labda mwanzo 116, korasi 121, daraja (kipande cha kuunganisha) 112. Kliki ifuate bendi kwanza, halafu bendi ndiyo ifuate kliki.

Ama kusikika kama rekodi, hapo sikubaliani nawe. Nafikiri wimbo wako wa chumbani una gitaa tano au sita zilizopangwa moja juu ya nyingine. Sikiliza ipi ikiondolewa wimbo unaanguka. Kwa kawaida ni mbili. Zilizobaki zinanenepesha tu, na kazi hiyo dada wa kinanda anaiweza kwa mkono wa kushoto. Ukimtumia kila mmoja wimbo wa mazoezi, mpe nakala isiyo na sehemu yake. Akisikia besi yako ataiiga, na utabaki na watu watatu wanaokuiga wewe. Mpe pia karatasi ya mpangilio: idadi ya mizunguko, mita, nani anaingia lini.

Hata bendi ya Porcupine Tree ya Uingereza, inayopiga roki kama yako, ilianza 1987 kama mradi wa Steven Wilson peke yake, akirekodi nyumbani. Wanamuziki wa jukwaani walijiunga 1993, albamu ya 1995 bado ilichanganya kazi ya peke yake na ya bendi, na ile ya 1996 ndiyo ya kwanza ya bendi nzima. Kuwa bendi kulichukua miaka, kwa hiyo usiwe na haraka ya kurekodi upya.

Jukwaani, bakisha kwenye kompyuta vile tu ambavyo hakuna mkono wa kuvipiga: sauti za mazingira, kwaya, labda nyuzi. Ukiwa na intafesi (kifaa cha kutolea sauti kwenye kompyuta) yenye njia nne za kutokea, moja na mbili ziende kwenye spika, ya tatu ipeleke kliki kwa mpiga dramu peke yake. Ukiwa na tundu la vipokea sauti tu, weka kliki kushoto na muziki kulia. Chaji betri ijae. Umeme ukikatika, kompyuta itaendelea ila spika hazitatoa kitu. Halafu fanyeni zoezi moja bila kompyuta kabisa. Wimbo usiposimama, haujawa wa bendi.

Mpiga besi asimame karibu na dramu. Akiwa mita saba mbali, mlio unamfikia umechelewa karibu milisekunde 20, na kwenye "kahawa" ya haraka hiyo inasikika.

Kuhusu haki: ulivyotunga mwenyewe ni vyako. Mtakavyovitunga pamoja, andikeni asilimia ya kila mtu kabla hamjaingia studio, na mnaweza kuisajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Wakati wa kuliandika hilo ni sasa, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Kwa onyesho la kwanza pigeni zile nne fupi. Ule wa dakika 14 upigwe pale tu mpiga dramu atakapoweza kuivuka ile sehemu ya 7/8 bila kutikisa midomo.