Mwanangu, kuhusu Kyrgiakos na uzito wa miguu yako

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema kocha amekwambia huna mbio za kutosha kucheza beki wa kati, nawe ukamtaja Sotirios Kyrgiakos, Mgiriki aliyefika Liverpool na mbio hana. Ukaniuliza: alifika kwa rafu?

Hapana. Alikuwa mgumu, lakini ugumu peke yake haumfikishi mtu huko. Alikulia kisoka Panathinaikos ya Athens. Ugiriki ilipotwaa Euro 2004 hakuwamo, jeraha lilimweka nje. Januari 2005 akaenda Rangers ya Scotland kwa mkopo, na Machi ileile wakaifunga Motherwell 5-1 kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Mabao mawili yalikuwa yake, beki! Baadaye akapita Frankfurt ya Ujerumani na AEK ya Athens, na Agosti 2009, akiwa na miaka 30, Liverpool wakamchukua.

Jifunze kwake mipira ya juu. Mtu mzito akisimama palepale akaruka kwa miguu yote miwili, hafiki popote. Kwenye kona anzia mita saba au nane kutoka pale unapotaka kuupiga, uje kwa kukata pembe, hatua mbili za mwisho ziwe fupi na za haraka, kisha uruke kwa mguu mmoja. Mikono itanue upate mizani, ila kiwiko kisipite bega: kikimgusa mtu usoni, kadi inakuhusu.

Kuhusu mbio, tazama timu yake ya taifa ilivyokuwa inajipanga. Ugiriki ya kocha Otto Rehhagel ilikaba chini, karibu na boksi lake, kwa hiyo nyuma ya mabeki hapakuwa na uwanja wa kukimbizana. Nawe usimkabili mshambuliaji kifua kwa kifua. Simama ubavu, mguu mmoja nyuma, urudi hatua mbili kabla mpiga pasi hajainua kichwa. Ukisubiri mpira upigwe ndipo ugeuke, umeshaachwa.

Sasa rafu. Februari 6, 2010, Anfield, uwanja wa Liverpool, Liverpool na Everton, kipindi cha kwanza. Mpira uko katikati ya Kyrgiakos na Marouane Fellaini wa Everton, si wa huyu wala wa yule. Akaruka Kyrgiakos, miguu yote miwili ikaacha majani, meno ya viatu yakatangulia. Kadi nyekundu. Mtu akishakuwa hewani namna ile hawezi kujizuia wala kubadili njia, na refa anahukumu hatari yenyewe, hata kama mpira umeguswa. Wenzake kumi wakashinda 1-0 kwa kichwa cha Dirk Kuyt, tena cha kona, lakini walikimbia karibu saa nzima kwa ajili ya sekunde moja ile.

Basi ukiingia kwa kuteleza, mguu mmoja uukunje chini yako ukokote majani, wa pili uende chini kwa mpira, unyayo usimwelekee mtu. Na uingie pale tu unapoona mpira umemtoka mguuni hatua nzima.

Muulize kocha anataka mstari wenu wa nyuma usimame wapi. Akisema karibu na katikati ya uwanja, mwombe akupange na beki mwenzio mwenye mbio, au akujaribu kiungo mkabaji.

Mimi mama yako