Kabla hujagusa uzio wa kioo wa mtu

Juzi nilipita Mbezi Beach saa saba mchana, nikamkuta kijana wa kazi yetu anafuta uzio wa kioo kando ya bwawa. Jua linachoma, kitambaa chake kikavu, na ndani ya ndoo kuna chupa ya asidi ya choo. Nilimwita pembeni tukazungumza vizuri, akanisikiliza. Lakini huyo ni wa tatu tangu mwezi uliopita. Wadogo zangu, nawapenda na najua mnavyohangaika kupata wateja, ila haya makosa mnayoyafanya tulishayafanya sisi, na yalitugharimu.

1. Maji kwanza, kitambaa baadaye. Vumbi la huku pwani limejaa mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo. Ukifuta kikavu unakwaruza. Mwagia kuanzia juu, acha maji yashuke na uchafu wake, ndipo ushike spanji laini na matone machache ya sabuni ya vyombo, halafu waipa, ule mpira wa kuvuta maji. Wembe wa kubandulia rangi uache kwenye begi. Kioo cha tempa, yaani kile kilichoimarishwa kwa moto, kikiharibika hakuna kukata kipande cha kuziba. Kikishachomwa kiwandani hakikatwi wala hakitobolewi, kwa hiyo kinaagizwa kizima kwa vipimo vyake, na wewe unamsubiri mteja akupigie simu kila asubuhi.

2. Fanya kazi asubuhi na mapema au jua likishapungua. Kwenye kioo cha moto sabuni inakauka kabla hujaifikia.

3. Asidi. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Mama mmoja wa Kigamboni aliniita nimsafishie uzio wa bwawa: vioo 16, kila kimoja kimesimama juu ya miguu miwili ya stenlesi. Bomba la kumwagilia bustani lilikuwa likivirushia maji ya kisima kila jioni, na mnajua maji ya visima vya huku yalivyo. Ukoko mweupe ulikuwa umeganda, ukipitisha kucha unasikia unakwaruza. Nilianza na siki. Kioo cha kwanza, cha pili, mkono ukaniuma, nikaona nitalala pale. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua asidi ile wanayosafishia vigae.

Ukoko ulichemka mbele ya macho yangu, ukashuka kama maziwa. Kufika adhuhuri vioo vyote vinang'aa. Mama akatoka na chai na maandazi, akasimama pale akasema, "Mwanangu, leo naiona bahari." Nililipwa nikaondoka.

Nilichosahau ni kwamba asidi inashuka. Ilikwenda kukaa chini, ndani ya zile kofia zinazofunika kitako cha mguu, na mimi nilisuuza kioo tu. Stenlesi haina rangi ya kuilinda. Inalindwa na utando mwembamba usioonekana, unaojijenga wenyewe chuma kikikutana na hewa. Asidi ile ina kloraidi, na kloraidi inautoboa utando huo. Jiki nayo vilevile.

Baada ya wiki mbili mama akapiga simu: kuna madoa ya kahawia kwenye miguu. Nikamwambia, "Mama, huo ni upepo wa bahari, kusi imeanza." Aliniamini. Maneno hayo yananiuma kuliko hasara yenyewe. Kisha nikaenda na stili waya, nikasugua miguu yote 32 mpaka ikang'aa. Sikujua kwamba stili waya inaacha chembe za chuma cha kawaida juu ya stenlesi, na chembe hizo zinashika kutu. Haikupita wiki, kila mguu ulikuwa umetoa machozi ya kahawia mpaka kwenye vigae.

Mara ya tatu nilishindwa kudanganya. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kila kitu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwa nini hukusema siku ile ya kwanza?" Na hilo ndilo swali, kwa sababu siku ile ya kwanza pengine maji safi mengi na kung'arisha kungeokoa miguu mingi. Nilipokuja kusema, chuma kilishaliwa vishimo. Tulibadilisha ile iliyoharibika zaidi, na mimi nikausafisha uzio ule miezi minane bila kudai hata shilingi.

4. Kwa ukoko tumia siki na maji nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa, kibandike kwenye kioo dakika kumi, rudia, suuza. Ukoko wa miaka hautoki kwa siku moja, mwambie mteja mapema. Na siki isidondokee marumaru, inayala.

5. Suuza ya mwisho iwe maji ya bomba ya DAWASA kama yapo. Ukimalizia na maji ya kisima bila kuvuta waipa haraka, umepanda ukoko mpya. Miguu nayo isuuzwe na ikaushwe: inua kofia zile, chumvi inajificha humo. Nyumba inayotazama bahari haiwezi kungoja mwezi, hasa kusi ikivuma.

6. Ukimaliza kusafisha, angalia mipira kati ya chuma na kioo. Ikiwa imepasuka au imetoka, chuma kinagusa kioo, na ukingo wa tempa ndiyo sehemu inayoogopa kugongwa. Skrubu iliyolegea ikaze kidogo tu kwa ufunguo wa aleni, ule wa pembe sita, usiing'ang'anie. Kioo kikicheza ukikisukuma kwa kiganja, usiendelee: mwambie mwenye nyumba awazuie watoto, aite fundi aliyekifunga.

Na mteja akiuliza anunue miguu gani, pwani ni stenlesi ya daraja la 316, siyo 304, maana 316 ina molibdenamu inayosaidia kupambana na chumvi. Zote mbili zinafanana, na sumaku haitakutofautishia. Dai dukani karatasi inayoonyesha ni daraja gani.

Mguu mmoja wa yule mama bado ninao kwenye begi la vifaa. Anayetaka kuuona apite kwangu, aushike, apitishe ncha ya msumari juu yake asikie vile vishimo.